Fundi Anajibu: Betri imetapikia ndani ya redio, bado inapona?

Mwezi huu karibu kila ujumbe uliofika mezani kwangu ni wa betri kuvuja. Redio, rimoti, taa za kuchaji, hadi kompyuta ya miaka ya tisini. Nimechukua mitano. Wa kwanza nimeujibu kwa kirefu kwa sababu ukiuelewa huo hii mingine inakuwa nyepesi.

Shikamoo fundi. Nipo Tanga. Babu alifariki akaacha redio yake ya betri sita kubwa, ile ya mpini juu na antena ya kuvuta, wote tulikuwa tunaisikiliza barazani, taarifa ya habari, mpira, vifo. Bibi akaifungia kabatini na betri zake humo humo, imekaa miaka mitatu. Juzi kaniambia niitoe, nafungua mfuniko nakuta betri zimetapika, kuna unga mweupe, springi zina ukijani, na kuna maji yananata yameshuka mpaka kwenye bodi. Fundi wa mtaani kasema nitupe ninunue ya memori kadi. Rafiki yangu anasema nimwagie siki. Nifanyeje? Bibi anaisubiri.

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Usiitupe. Redio za aina hiyo zina bodi yenye laini pana, yaani zile njia za shaba zinazopitisha umeme, na vifaa vikubwa vya miguu mirefu, ni rahisi kuzitengeneza kuliko hizo za memori kadi, nimeshaona zenye hali mbaya kuliko ya kwako zikasimama. Ila na siki usimwage kwanza, hapo ndo watu wengi wanapokosea, siki siyo dawa ya kila betri.

Iko hivi. Betri za redio zinazouzwa madukani kwetu ni za aina mbili kubwa. Kuna zile za bei ya chini, za zinki na kaboni, ukoo wake ni wa zamani mno, unaanzia kwa Mfaransa Georges Leclanché mwaka 1866. Humo ndani kuna chumvi za kloridi na kopo lenyewe la zinki ndo upande wa hasi, yaani betri inavyofanya kazi inakula kopo lake, kopo linakuwa jembamba mpaka linatoboka, afu yale maji yanatoka. Maji hayo yana uasidi. Aina ya pili ni alkalaini, humo ndani kuna haidroksaidi ya potasiamu, hiyo ni kinyume cha asidi, ni ndugu wa kostiki ya kutengenezea sabuni, ikitoka nje inakutana na hewa ya ukaa inageuka ule unga mweupe mkavu kama chumvi. Sasa asidi unaituliza kwa kitu cha magadi, na kostiki unaituliza kwa siki. Ukimwaga siki kwenye uchafu wa betri ya zinki unaongeza asidi juu ya asidi, na shaba ya bodi inazidi kuliwa.

Utajuaje ni ipi? Angalia maandishi ya ganda. Alkalaini inaandikwa hivyo hivyo, na namba yake inaanza na LR, kama LR20 kwa hizo kubwa au LR6 kwa ndogo. Ya zinki inaandikwa R20 au R6 bila L. Ganda likiwa limeliwa husomi kitu, ingia jikoni kwa bibi uombe manjano. Koroga kidogo na spiriti, chovya karatasi nyeupe, iache ikauke, kata vipande. Lowesha kipande kwa maji safi ukiguse kwenye ule unga. Ikigeuka nyekundu ya damu ya mzee basi ni alkalaini. Ikibaki njano ni ya zinki. Bibi atakuelewa mara moja kwa sababu ndo ile ile doa la pilau kwenye kanga, ni la njano, ukilipaka sabuni ya mche linakuwa jekundu. Usidanganywe na ukijani, huo ni shaba iliyoliwa na unatokea kwa betri zote mbili.

Kwa betri sita kubwa za redio ya mzee mi nakisia ni za zinki, ila pima, usiende kwa kukisia kwangu.

Kabla ya kazi vaa glavu, hata zile nyembamba za hospitali, na vaa miwani ya aina yoyote. Tone likiruka jichoni osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi afu nenda hospitali, hasa kama ni alkalaini, ile haiumi sana mwanzoni lakini inaendelea kuchimba. Piga picha kila hatua kwa simu, waya ipi imeenda wapi, utanishukuru siku ya kurudishia.

Toa betri. Zikiwa zimeganda usizichokonoe kwa bisibisi, zungushia maji kidogo ya dawa husika na usubiri. Unga usiupulize wala usiupige brashi ukiwa mkavu, utauvuta puani, ulowanishe kwanza. Kwa uchafu wa zinki chukua bekingi soda kijiko kimoja cha chai kwenye nusu glasi ya maji. Nasema bekingi soda, siyo bekingi pauda, ile ya pauda imechanganywa na asidi na wanga, utabaki na uji kwenye bodi. Na mtu asikupe kostiki akakwambia ni magadi. Paka kwa mswaki wa zamani wenye nywele laini, sugua taratibu, futa kwa kitambaa, rudia mpaka pasiwe na povu. Ukisikia harufu ya kukereketa puani kama ya choo cha stendi fungua madirisha, ni amonia inatoka, betri nyingine za zinki zina chumvi yake.

Hapo sasa kuna kitu watu wanakisahau. Hiyo dawa yenyewe lazima itoke. Ukiacha soda au siki kwenye bodi umebadilisha tu adui. Suuza na maji yasiyo na chumvi, yanauzwa sheli kwa ajili ya kuongezea betri za gari, ila soma chupa vizuri maana kuna maduka yanayaita maji ya betri na kumbe ni asidi yenyewe. Afu malizia na isopropili, ni aina ya spiriti isiyo na rangi, ya asilimia 90 na kitu ukiipata, inafukuza maji. Spiriti ya zambarau inaacha rangi, na sanitaiza ya jeli inaacha utelezi, zote mbili usizitumie kwenye bodi. Usiloweshe spika, wala ile kondensa ya kutafutia stesheni, wala koili zenye nta, hapo tumia pamba ya masikioni tu. Kausha kwenye feni siku nzima. Habari za kufukia kwenye mchele waachie wenyewe, mchele una vumbi na wanga.

Springi za betri zimetengenezwa kwa chuma kilichovikwa nikeli, nikeli ikishaliwa kutu inakuja juu hata ukisafisha vipi. Zikiwa na madoa tu piga msasa laini, namba 400 hivi, afu zipake risasi nyembamba kwa pasi ya kulehemu ili hewa isizipate. Zikikatika tafuta kwenye redio mbovu au mdoli mbovu wa betri za saizi hiyo hiyo. Springi ya kalamu usiweke, ni nyembamba mno na risasi haiishiki vizuri.

Sasa njoo kwenye waya. Nikusimulie maana iligharimu wiki nzima ya mtu. Mama mmoja aliniletea redio kama yako, nikasafisha vizuri, springi mpya, ikaimba. Baada ya siku tatu karudi, imezima. Nikafungua, nikalehemu upya, ikaimba, ikazima tena. Mara ya tatu ndo nikakata kipande cha ule waya mweusi unaotoka upande wa hasi kwenda kwenye bodi, nikamenya, shaba ndani ilikuwa nyeusi tii kama masizi ya chungu, na plastiki ya nje safi kabisa haina hata doa. Maji ya betri yanatambaa ndani ya waya, chini ya plastiki, yanaenda sentimita nyingi tu bila wewe kuona, na shaba ya hivyo risasi haiishiki hata uweke fluksi, ile dawa ya kusaidia risasi ishike, ya kuogelea. Kwa hiyo menya waya kidogo kidogo mpaka uone shaba inang'aa, na kama hadi mwisho ni nyeusi weka waya mpya. Mi siku hizi nabadilisha tu waya wa hasi kwenye kila redio iliyovuja, waya mita moja ni pesa ndogo.

Kwenye bodi yenyewe chukua kioo cha kukuzia, au kamera ya simu ukiivuta karibu. Laini nzima inang'aa chini ya rangi yake. Laini mbovu ina giza, au rangi imevimba kama malengelenge. Kwangua rangi hapo taratibu na wembe mpaka shaba ionekane, ipake risasi. Ukihisi imekatika weka mita ya kupimia umeme kwenye mlio, gusa mwanzo na mwisho wa laini, isipolia basi unga juu yake unyuzi mmoja wa waya wa intaneti uliomenywa, unatosha kabisa. Pale palipobaki uchi pake rangi ya kucha isiyo na rangi, dada zako wanayo.

Weka betri mpya, washa, shika mkono wako hapo dakika mbili. Kitu kikiwa cha moto zima utafute. Kikwaruzo unapopandisha sauti ni cha kitufe cha volyumu, kizungushe mara ishirini na tone la isopropili. Nitafurahi ukiniandikia siku bibi akiisikia.

Fundi hujambo. Mimi nipo Mombasa. Mawe ya rimoti yangu yalivuja unga mweupe, nikakamulia ndimu, pakatoka povu jingi mpaka nikaogopa. Je nimeiharibu?

Sijambo dada. Hujaiharibu, hilo povu ni hewa ya ukaa inatoka, maana yake ulikuwa na alkalaini na ndimu ilikuwa inafanya kazi yake. Povu likiisha na unga umeisha. Tatizo la ndimu ni sukari na nyama nyama zake, zikikauka zinanata na sisimizi wanakuja, kwa hiyo rudia kupangusa na pamba yenye maji safi, afu isopropili. Fungua na rimoti yenyewe, zile skrubu mbili zinajificha ndani ya kibanda cha betri au chini ya kibandiko, uangalie kama maji yamefika kwenye bodi. Zile raba za vitufe osha kwa sabuni ya vyombo tu, isopropili usizipake.

Habari yako fundi, niko Nairobi. Baba yangu alikuwa karani na alinunua kompyuta ya 386 mwanzoni mwa tisini, imekaa kwa stoo tangu nikiwa mdogo. Nimeifungua, ina kabetri ka rangi ya buluu kamelehemiwa kwa bodi, kamevuja kakapaka kijani kila mahali karibu na tundu la kibodi. Ikiwaka inasema kibodi ina shida. Ningependa kuiokoa, ina kazi zake za zamani.

Nzuri sana kaka. Hiyo betri ni mtungi wa nikeli na kadimiamu, volti 3.6, seli tatu za 1.2 zilizopangwa pamoja. Kazi yake ilikuwa kukumbuka saa na aina ya hadi diski, yaani kile kisanduku kinachotunza kazi za kompyuta, umeme ukikatika, na bodi ilikuwa inaichaji kila kompyuta ikiwaka. Watengenezaji wa enzi hizo waliipachika moja kwa moja kwenye bodi wakijua kompyuta haitafika miaka kumi. Imefika zaidi ya thelathini. Ndani yake ni ile ile haidroksaidi ya potasiamu, kwa hiyo hapa siki ni sawa.

Kwanza kabisa usiiwashe tena. Kila ukiwasha na uchafu ukiwepo umeme unasaidia shaba kuliwa haraka. Na kabla hujagusa bodi chomoa hadi diski uiweke pembeni, kazi za mzee zimo humo na hiyo ndo mali, bodi inaweza kupatikana nyingine.

Kata miguu ya hiyo betri kwa koleo, usiipashe moto ikiwa imevuja. Kadimiamu ni sumu kweli kweli kwa figo na mifupa, ifunge kwenye mfuko peke yake, usipige msasa mahali hapo pakiwa pakavu na usifanyie kazi mezani mnapolia chakula. Pake siki kwa mswaki, subiri dakika chache, sugua, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, rudia. Bodi ya kompyuta iliyochomolewa kila kitu unaweza kuiosha yote, haina woga wa maji, woga wake ni umeme pamoja na maji. Iache ikauke siku mbili ukiisimamisha wima.

Afu ndo kazi yenyewe. Risasi iliyoliwa na alkali inakuwa ya kijivu, haing'ai, na ukiiwekea pasi haiyeyuki, inakaa tu kama jivu. Usibonyeze kwa nguvu utang'oa shaba. Ikwangue kidogo, weka fluksi, ongeza risasi mpya yenye madini ya risasi ndani, ile mpya inaivuta ya zamani zinayeyuka pamoja, ndo unazinyonya zote. Shida yako ya kibodi iko pale pale uchafu ulipo, maana kwenye bodi nyingi za 286 na 386 betri inakaa jirani na tundu la kibodi na chipu inayoiongoza, chipu ya miguu arobaini ya familia ya 8042. Mara nyingi chipu ni nzima, soketi yake ndo imeoza. Ichomoe, angalia miguu na soketi. Pima pia vile vitundu vidogo vinavyopitisha laini kutoka juu kwenda chini ya bodi, humo maji yanaingia yanakula shaba ya ukutani, kwa juu unaona kitundu kizima na katikati hakuna kitu. Kikikatika pitisha unyuzi wa waya humo ulehemu pande zote mbili. Fanya hivyo laini moja moja, usiku kadhaa, kwa chai na mwanga mzuri.

Ukimaliza usirudishe mtungi mwingine. Chukua kishikio cha betri ya CR2032, ile bapa ya volti 3, ukiweke mbali na bodi kwa waya. Lakini lazima upachike daiodi, 1N4148 inatosha, umeme uende kutoka betri kwenda bodi tu. CR2032 siyo ya kuchaji, na bodi yako itajaribu kuichaji, bila daiodi inaweza kupasuka. Bodi nyingi pia zina pini nne za betri ya nje, pima hasi na chanya kwa mita kabla hujachomeka.

Mwanangu fundi, mimi ni mama wa hapa Iringa. Sisi betri zikiisha tunazianika juani juu ya bati, au vijana wanaziuma na meno, redio inaimba tena siku mbili tatu. Jirani kaniambia ndo zinaharibu redio. Ni kweli?

Shikamoo mama. Jirani yako kasema kweli, ingawa na ninyi hamkukosea, ule ujanja unafanya kazi. Joto linaharakisha dawa iliyobaki ndani, na kuuma kunaikandamiza ile dawa nyeusi karibu na kile kijiti cha kaboni, ndo redio inapata nguvu kidogo. Ila fikiria lile kopo la zinki nililoeleza hapo juu. Betri ikiisha kopo lake limeshaliwa limebaki kama karatasi, sasa unalipasha moto, ndani hewa inavimba, au kijana analibana kwa meno, linatoboka. Halafu inarudi ndani ya redio usiku kucha. Na hapo mdomoni mwa kijana kuna kloridi ya zinki, inachoma ulimi na koo, hilo naomba lisiendelee mama.

Kitu kingine, mtu akipata hela anabadilisha betri mbili mpya na nne anaacha za zamani. Zile dhaifu zinasukumwa kinyume na zile mpya, ndo zinazotapika za kwanza. Badilisha zote kwa pamoja, hata kama ni kusubiri mwisho wa wiki. Na zilizokufa usiwape watoto wavunje watoe ule mkaa wa kuchorea, wala usitupe motoni. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko mbali na jiko, na ukiwa na mtu anayekwenda mjini aulize duka linalopokea vifaa vibovu vya umeme.

Fundi, Mwanza hapa. Taa yangu ya kuchaji imetoa maji ndani, bodi ina rangi ya buluu mpauko. Nayo nitumie siki?

Hapana kaka. Taa nyingi za aina hiyo, zile nzito, zina betri ya risasi na asidi kama ya gari ila imefungwa. Hiyo ni asidi ya salfuriki, bekingi soda ndo dawa, na nguo utakayovaa siku hiyo iwe ya kazi maana itatoboka. Betri itoe, haifai tena. Ila kama taa yako ni nyepesi na betri yake ni ya bapa au ya mduara ya lithiamu, na imevimba, usiioshe, usiitoboe, usiichaji. Itoe nje ya nyumba uiweke juu ya mchanga mkavu, afu nitumie picha kabla hujafanya kitu kingine.